Mkono wa Pole

Huko Katikati mkono ulikatazwa kabla ya moto kukatazwa. Ukiwasha jiko nyuma ya hema, askari alikufokea, ukazima, yakaisha. Ukimshika mwenzako mkono hakuna aliyekufokea. Kupe wako alilia "ti," hesabu yako ikarudi sufuri, na siku zote ulizokaa kwa adabu zikawa kama hukuzikaa.

Kupe ni jina walilompa watu. Serikali ilikuwa na jina refu ambalo hata wauguzi walilikimbia. Alikuwa kidude cheupe, ukubwa wa punje ya harage, kilichobandikwa ndani ya kifundo cha mkono siku ulipovuka lango la kwanza. Alionja damu yako kutafuta homa, na alimkumbuka kila mtu ambaye ngozi yake iligusa yako. Mmoja akiugua, wote waliomgusa, na waliowagusa hao, walianza upya.

Homa ilikuwa imefyeka watu bara zima, na hakuna aliyebisha kwamba dharura ilikuwa dharura. Ubishi ulikuwa kwingine. Sheria ya nchi ile, ya tangu zamani, ilisema mkimbizi hatarudishwa kunakotishia roho yake kabla hajasikilizwa. Sheria ya Dharura haikuifuta hiyo. Iliongeza tu kwamba anayesikilizwa ni mtu aliyefika, na mtu ambaye hesabu ya kupe wake haijatimia, huyo hajafika. Kwa hiyo kati ya lango la kwanza na la pili, kwenye uwanja wa changarawe ulioitwa Katikati, wenye mahema na vyoo vya plastiki, waliishi watu waliokunywa uji wa nchi ile, wakachomwa sindano na wauguzi wa nchi ile, wakazikwa na mashine za nchi ile, na hawakuwa wamefika popote.

Mke wa Etabo, Nabintu, alizikwa hivyo. Toroli lisilo na msukumaji lilikuja asubuhi, likamchukua ndani ya mfuko wa bluu, likaenda zake nyuma ya ukuta. Etabo alilisindikiza kwa macho.

Watu wa Kasombwe, bonde alilotoka Etabo, kama arobaini hivi, walikuwa wameshakubaliana. Pole itatolewa kwa kiwiko, na kiwiko chenyewe kivishwe nguo, kama muuguzi alivyowafundisha. Lilikuwa jambo zito. Kasombwe pole ya mdomo si pole. Mfiwa hukaa chini, kiganja chake kimefunguka juu ya goti, wala hakiinui. Wewe ndiye unayeinama ukakichukue. Usipokichukua, hukuja, hata kama umeleta ng'ombe.

Etabo aliambiwa afiche mikono. Akaitikia. Kisha akakaa chini kama baba yake alivyokaa, na kiganja kikafunguka juu ya goti.

Wa kwanza alikuwa Koko Mwavita, bibi kizee wa watu wote pale, aliyewafokea vijana usiku kucha juu ya habari ya kiwiko. Aliinama, akakunja mkono, kiwiko mbele. Halafu mkono ukakunjuka. Ukashuka, ukakichukua kile kiganja, na kupe wawili wakalia kwa pamoja. *Ti.*

Koko akasimama akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Ee Mungu," akasema. "Umeenda wenyewe."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nani angetoa kiwiko baada ya koko kutoa mkono? Wa pili alisita, akatoa mkono. Wa tatu hakusita. Songolo, mtani wa kambi, ambaye alibakiza siku chache tu apelekwe lango la pili, alifika mbele, akatazama juu mbinguni, akasema, "Haya bwana, tufe na desturi yetu," akainama. *Ti.* Mstari ukasonga. *Ti. Ti.* Hakuna aliyelia kwa sauti. Ilikuwa kama watu wanaotia mihuri.

Feza alikuwa kwenye mstari ule.

Hesabu yake ilikuwa imetimia asubuhi hiyohiyo, na mchana angesikilizwa. Ng'ambo ya lango la pili, katika nyumba ya watoto, alikuwepo binti yake Sifa. Watoto wadogo homa ile haikuwashika, kwa hiyo walivushwa kwanza. Gari la kwenda mbali ndani ya nchi lilikuwa linaondoka kesho yake, na watoto ambao hakuna mzazi aliyefika kuwachukua walipelekwa huko kwa familia za watu, wakapewa jina jingine la ukoo, na habari yao ikaishia hapo.

Mbele yake alikaa Etabo. Walinzi wa kampuni iliyochimba bonde la Kasombwe walipochoma nyumba ya Feza na mumewe ndani, Etabo ndiye aliyemlaza yeye na Sifa juu ya chukudu yake, baiskeli ile ya mbao isiyo na pedeli, akawafunika kwa magunia ya makaa. Nabintu akapanda juu ya magunia akakaa. Kwenye kizuizi Mlinzi alitaka kuchoma gunia kwa chuma, na Nabintu akamtukana, akamtukana na mama yake na kofia yake, mpaka wenzake wakacheka wakasema pita, mwanamke wa balaa. Tangu siku ile picha ya Etabo ilibandikwa kwenye kila nguzo ya bonde.

Zamu ikafika. Feza akapiga magoti kwenye changarawe. Mikono yake ilikuwa ndani ya kitenge, mmoja umeushika mwingine.

"Pole, kaka," akasema. "Pole sana."

Etabo aliutazama uso wake, kisha kitenge, kisha uso. Kiganja kilibaki wazi.

"Asante, Mama Sifa," akasema. "Pita."

Akapita. Nyuma yake akasikia *ti* ya aliyefuata.

"Mkono wa ng'ambo huo," Songolo akasema, si kwa ukali. "Uwekwe kwenye friji usioze."

Koko Mwavita akamwambia afunge kinywa. Feza alikwenda kukaa kwenye kivuli cha tangi la maji. Alisubiri aibu ije. Haikuja. Kilichokuja ni kiu, akanywa maji.

*

Wakili Mwakatundu alimkuta upande wa pili wa kioo, na alikuwa na macho ya mtu aliyelala kwenye kiti. Serikali iliwalipa mawakili wachache kwa watu waliofika, na yeye alikuwa mmoja wao.

"Hongera, mama. Leo wewe ni mtu."

"Jana nilikuwa nini?"

"Jana ulikuwa mgonjwa mtarajiwa." Akacheka peke yake, akaacha. "Samahani. Sikiliza. Wewe huna karatasi, ziliungua. Ningependa kumwita shahidi, mtu aliyekujua nyumbani. Nani anakujua?"

"Etabo. Ndiye aliyenitoa."

"Hesabu yake?"

"Sufuri. Mkewe amekufa."

"Basi hajafika, na asiyefika hashuhudii. Wengine?"

"Wote sufuri. Walimpa mkono wa pole."

Wakili akavua miwani. "Wote? Wakijua?"

"Koko alisahau. Wengine walimfuata."

"Wakaacha haki ya kusikilizwa kwa ajili ya mkono." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayepima kitu ambacho hakukitegemea kuwa na uzito. "Na wewe?"

"Nina mtoto."

"Umefanya vizuri. Umefuata sheria." Akavaa miwani. "Sikio litaona hivyo."

*

Sikio lilikuwa mashine ya kusikiliza mashauri, iliyofichwa kwenye kuta za chumba kitupu chenye kiti kimoja cha mwombaji na kingine cha wakili. Hakukuwa na kitu cha kutazama, kwa hiyo watu walitazama ukuta. Hakimu wa damu na nyama alikuwepo mjini, na jioni alitia sahihi yale Sikio liliyoyaona. Nchi ile ilikuwa imechoshwa na waongo waliojiita watu wa mahali ambapo si pao. Basi badala ya karatasi wakalifundisha Sikio mila: watu wa Kasombwe wanapika vipi, wanazika vipi, wanatukana vipi. Kupe waliliambia yanayotendeka uwanjani. Ukiishi kama mtu wa Kasombwe, wewe ni wa Kasombwe, na mtu wa Kasombwe ilijulikana kwamba anawindwa.

Kitu kimoja mawakili walikuwa wamekipigania mpaka mahakama ya juu wakakipata: shauri lisisikilizwe gizani. Kwa hiyo kila lililosemwa chumbani lilisikika Katikati kwenye spika za juu ya nguzo. Na dirisha moja la nondo lilitazama uwanjani, likaachwa wazi kwa sababu hiyohiyo. Wakili Mwakatundu alijivunia dirisha lile.

"Mama Sifa, mumeamka salama?" Sikio likauliza. Lilisema kwa lafudhi ya Kasombwe kabisa, ile ya kuvuta neno la mwisho kama mtu anayefunga mzigo. Feza alikuwa ameambiwa, na bado akageuka kutafuta mtu.

"Salama."

Likamuuliza mambo ya nyumbani. Unga wa muhogo mnauanika wapi? Juu ya miamba ya mto. Mtoto wa kwanza jina anapewa na nani? Na dada wa baba yake. Nyumba yako iliungua ukiwa wapi? Kwa jirani, nimekwenda kuomba chumvi. Nani alikutoa Kasombwe? Etabo mwana wa Lubunga, na mkewe Nabintu. Alijibu yote kwa sauti moja, kama anasoma bei za bidhaa.

"Nabintu amefariki," Sikio likasema. "Pole."

"Asante."

"Leo asubuhi watu wa Kasombwe walimpa Etabo mkono. Ulikuwa kwenye mstari. Ulipiga magoti. Mkono hukutoa."

"Sikutoa."

"Kwa mila zenu, anayenyimwa mkono msibani ni mmoja kati ya wawili. Ni mtu usiyemjua, au ni adui yako. Kama humjui Etabo, habari ya kukutoa Kasombwe si ya kweli. Kama ni adui, nieleze uadui."

Wakili akasimama. "Napinga. Mteja wangu alitii katazo la Dharura. Kugusana kumekatazwa na serikali hiihii. Haiwezekani mtu aadhibiwe na mkono mmoja wa serikali kwa kutii mwingine."

"Hapana adhabu," Sikio likasema kwa upole. "Napima kama mwombaji ni wa Kasombwe. Watu wa Kasombwe walikuwa na katazo lilelile na walitoa mkono. Yeye peke yake hakutoa."

Feza alimwona wakili akitafuta kifungu cha sheria kichwani mwake, anakitafuta kama mtu anayepapasa funguo mfukoni mwa koti lililotoboka.

"Lipo jibu la tatu," Feza akasema. "Namjua na si adui. Nilimwogopea mtoto wangu."

Sikio lilikuwa linatafuta kwa kweli, hilo mtu angeweza kuliapia.

"Mila hiyo sina," likasema.

"Si mila. Ni mimi."

"Nimekuelewa. Lakini sina cha kukipimia. Naomba uchague kati ya yale mawili."

Wakili akamwinamia. Alinuka kahawa. "Mama," akanong'ona, "jibu la pili linakuvusha. Mtu aliyekimbia adui na kumkuta kambini, shauri lake lina nguvu kuliko la kawaida. Mimi sikwambii useme nini. Siruhusiwi. Nakwambia tu lipi linavusha."

"Na yeye?"

"Akija kusikilizwa, hilo litamngoja."

"Watamrudisha."

Wakili akatazama ukuta.

Nje spika zilikuwa zinatoa mkoromo, kwa maana chumba kilikuwa kimya nazo zikatangaza kimya hicho uwanja mzima. Feza alijua kila mtu amesikia swali. Alijaribu kumwaza Sifa, akapata gauni lake tu, lile la njano, bila mtoto ndani. Alijaribu kumwaza Etabo, akapata kiganja. Alitafuta ndani yake mahali pa kuumia akakuta pamefagiliwa.

"Siwezi kuchagua," akasema mwishoni. "Andika vyovyote."

"Siandiki ambalo hukusema, Mama Sifa. Nitakungoja mpaka kengele ya jioni. Baada ya hapo nitasema hujathibitika, na utarudishwa Kasombwe."

Changarawe ikalia nje. Mtu alikuwa anakuja, anaburuta ndala. Etabo akasimama dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili, akamtazama Feza mara moja tu, kama unavyomtazama mtu umwonye kuna ngazi. Kisha akauelekezea ukuta sauti yake.

"Mimi ni Etabo mwana wa Lubunga. Nilikuwa mtu wa Walinzi. Nyumba yao niliwaonyesha mimi. Huyu mama ananijua, na ana haki ya kuninyima."

Alisema kama anaagiza chai.

"Etabo!" Koko Mwavita alipiga yowe uwanjani. "Msiba umekulewesha? Unasema nini wewe?"

"Nasema yangu, koko."

"Mwongo huyo! Walimtafuta kama mbwa mwenye kichaa! Msimsikilize!"

"Hawatusikilizi, koko," Songolo akasema. Safari hii hakuwa anatania. "Sisi hatujafika."

Sikio likasema, "Kauli ya asiyefika haipokelewi, isipokuwa inayomtia mwenyewe hatiani. Hiyo hupokelewa popote. Imepokelewa."

"Kaka, nyamaza," Feza akasema.

"Nimeshanyamaza. Nimemaliza." Etabo akaegemeza paji la uso kwenye nondo. "Mama Sifa, Nabintu hakukaa juu ya yale magunia ili mtoto apewe jina la watu. Mimi kule nyuma sina mtu, na hapa sina mtu. Usinichoshe."

"Mama Sifa," Sikio likasema, "unathibitisha kauli hii?"

Feza akamgeukia wakili. Wakili alikuwa amekaa wima, na mikono yake ilikuwa mapajani kama ya mwanafunzi.

"Ni uongo," Feza akamwambia, chini kabisa, ili spika zisisikie.

"Najua."

"Mtetee basi."

"Mimi ni wakili wako. Yeye hana wakili. Sheria haijampa. Mpaka afike."

"Unathibitisha?" Sikio likauliza tena. Lilikuwa na subira ya kweli, lingeuliza hivyo mpaka mwisho wa dunia.

Etabo hakumtazama. Alikuwa anatazama kiti kitupu cha wakili, kile ambacho wakili alikiacha aliposimama tena bila kujua kwa nini.

"Ndiyo," Feza akasema.

Neno lilitoka kwenye spika, likapiga ukuta wa mbali, likarudi. Uwanjani hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo alilokuwa analingoja, wamtukane, na hawakumtukana.

"Mwombaji amethibitika," Sikio likasema.

*

Ng'ambo walimtoa kupe kwa koleo dogo. Paliachwa doa jeupe kifundoni, lisilo na maumivu. Wakampa viatu vya turubai na sabuni, wakampitisha kwenye ujia mrefu unaonuka dawa, na mlezi wa nyumba ya watoto, mama mnene mwenye sauti nzuri, akafungua mlango.

"Sifa, mwanangu, mama yako amefika. Salimia."

Sifa alisimama katikati ya chumba. Alikuwa amenyolewa. Alikuwa na gauni la buluu ambalo Feza hakulijua.

"Shikamoo, mama," akasema, neno ambalo Kasombwe mtoto hamwambii mama yake, na hakusogea.

"Njoo," Feza akasema.

Mtoto akamtazama mlezi.

"Ruksa," mlezi akasema. "Sasa ni ruksa kugusa. Nenda, mwanangu."

Sifa akaja, akamshika kiunoni, kwanza taratibu kama anajaribu maji, kisha kwa nguvu zote. Feza akaweka mkono juu ya kile kichwa kilichonyolewa. Kilikuwa na joto. Alijua kina joto kama unavyojua kitu ulichoambiwa.

"Una njaa?" akauliza.

"Tumekula. Wali. Na kesho tunapanda gari."

"Hatupandi."

Chumba kile kilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilitazama njia ya nyuma, ile inayozunguka ukuta kurudi lango la kwanza. Aliyekiri huwa hangoji. Dharura haikuacha nafasi ya kungoja. Lori dogo lilikuwa limesimama na mlango wazi. Askari wawili wenye glavu walisimama mbali, na kati yao Etabo, na ndala zake, na mfuko wa plastiki wenye kitenge cha Nabintu.

Feza angeweza kupiga kelele. Kioo kilikuwa chembamba, na sasa alikuwa mtu, kelele yake ingesikilizwa, ingepokelewa, ingechunguzwa. Wakili alikuwa amemwambia kwenye ujia, bila kuombwa, kwamba mtu aliyefika anaweza kufuta kauli yake wakati wowote kabla gari halijaondoka. Akamwambia pia linalofuata: atarudi kwenye yale majibu mawili, na mtoto ataingia gari la kesho.

Mikono ya Sifa ilikuwa imekutana nyuma ya mgongo wake na kufungana.

Feza akafunga mdomo.

Chini, Etabo aliweka mguu kwenye ngazi ya lori, akaushusha.

"Afande," akauliza, "nikae mbele au nyuma?"

Askari akasogeza barakoa yake vizuri puani.

"Popote tu, mzee," akasema. "Uko peke yako."